Mapipa Matatu ya Bi Mwantumu

Siku ya arobaini ya Bi Mwantumu niliketi mkekani uani kwake, Area D, nimejitanda mtandio wa kuazima, nikisikiliza wanawake wakinong'ona huku ndani wanaume wakimalizia dua. Mazungumzo yalikuwa yale yale ya misiba yote: nani kanenepa, nani hajafika na kwa sababu gani, nyumba sasa atakaa nani. Mbu mmoja akapita sikioni mwa mama aliyekuwa akigawa chai. Mama yule akampiga kofi, akamkosa, akasema kwamba tangu Serikali ihamie Dodoma hata mbu wamepandishwa cheo. Tukacheka kwa adabu, viganja midomoni. Hapo ndipo bibi aliyekaa kulia kwangu alipogeuka kunitazama vizuri, nami nikamtambua. Alikuwa Mama Yona, jirani wa nyumba ya pili, ambaye sikuwa nimemwona kwa miaka mingi. Nikampa shikamoo yake. Akaipokea taratibu, akauliza kama ni kweli mimi ndiye Nyemo, yule binti wa bakuli. Nikasema ndimi.

"Unakumbuka ulivyonisoma mkutanoni?"

"Nakumbuka, mama."

"Mimi bado sijakusamehe," akasema, kisha akamega kitumbua chake na kunipa nusu iliyo kubwa.

Nilikula nusu ile ya kitumbua huku nikiutazama ukuta wa chumba nilichopanga nikiwa na miaka ishirini. Nilikaa mle bila hata kumaliza mwaka, na kila ninachokijua kuhusu kazi yangu, na karibu kila ninachokijua kuhusu watu, nilikianzia pale. Nilifika mwezi wa tisa, katikati ya jua lile la Dodoma ambalo hukausha nguo kabla hujamaliza kuzianika. Chumba kilikuwa na kitanda cha chuma, dirisha lenye wavu uliotoboka tundu la ukubwa wa ngumi, na msumari mmoja wa kutundikia vitu vyote nilivyokuwa navyo. Chumba cha pili kilipangwa na Mwalimu Daudi, aliyefundisha jiografia shule ya sekondari. Mtu wa Kigoma, mrefu, mpole, aliyetembea na mwavuli kiangazi kizima kwa maelezo kwamba hali ya hewa ni kitu cha kuheshimiwa. Bi Mwantumu mwenyewe alikaa vyumba vya mbele. Babu zake walifika mji huu na misafara ya zamani, na alizungumza kana kwamba misafara ile ilikuwa imetua mizigo juzi.

Kwake hakukuwa na mpangaji anayejipikia. Alisema watu wa nyumba moja wanaokula mafungu mafungu wamebakiza tofauti moja tu na mbuzi. Basi tulikula pamoja, mkeka mmoja, saa moja ya jioni, jiko la mkaa likiwa kando yake ili asiinuke kuongeza mboga. Mara ya kwanza nilipopika mlenda wa kwetu, alitazama ule utelezi ukivutika kutoka bakulini hadi mdomoni mwa Mwalimu, akaniuliza kwa upole kama kwetu Zuzu chakula hiki huliwa na mkasi. Siku ya tatu alikuwa anakiomba. Ijumaa alipika pilau. Sitaieleza pilau ile. Nitasema tu kwamba iliniharibia kazi, na nitafika huko.

Maji ya bomba yalitoka siku mbili kwa wiki, siku nyingine yakasahau. Kwa hiyo uani kulikuwa na mapipa matatu makubwa ya chuma, wazi juu, na kila pipa lilikuwa na jina la mume. Bi Mwantumu aliolewa mara tatu na kuachwa mara tatu, mbili kwa talaka na moja kwa kifo, na kila mume alimwachia pipa. La Bakari lilikuwa la kuoshea vyombo, la Selemani la kufulia. La Mzee Juma, aliyekuwa mtu mwema na ndiye aliyefariki, lilikuwa la kunywa. Asubuhi ungemsikia akimwambia mtu, "Chota kwa Selemani, Bakari kakauka." Mapipa hayakufunikwa. Alisema maji nayo yanapumua, na kwamba Bakari hasa hakuwahi kupenda kufungiwa.

Mimi nilikuwa nimepata kazi ya muda kwa bwana afya wa kata, Bwana Chilewa, mtu mfupi aliyevaa soksi zilizovutwa hadi magotini na kuamini kwamba dunia ingekuwa mahali pazuri kama watu wangeinama zaidi. Alinifundisha kuinama. Mbu, alisema, hauawi kwa kofi. Anayesubiri mvua ndipo atafute chandarua ameshachelewa. Mbu anapigwa kiangazi, nyumbani kwako, angali ndani ya maji na hana mabawa ya kukimbilia. Alinipa bakuli jeupe, upawa wa mpini mrefu, na daftari la kuandika nyumba kwa nyumba. Kazi ilikuwa kupita mtaa wetu kuanzia mwezi wa kumi, kuchota maji popote yaliposimama, kuyamimina kwenye bakuli na kutazama kama kuna viluwiluwi wa mbu wanaojikunjakunja. Wakiwepo, unamwonyesha mwenye nyumba, unamwambia afanye nini: amwage, afunike, afukie, atoboe makopo, ageuze matairi mabovu, na kwenye mashimo yasiyofukika amimine oil chafu kidogo ili wakose pumzi. Halafu unaandika. Mwisho wa mwezi orodha inasomwa kwenye mkutano wa mtaa.

Nilikuwa na miaka ishirini na bakuli. Sijui kama nimewahi tena kuwa na mamlaka kiasi kile. Nilichungulia chini ya mitungi ya watu, nyuma ya vyoo vyao, ndani ya tairi ambalo mzee mmoja alilalia usingizi wa mchana. Wakaanza kuniita binti wa bakuli, nikaona ni heshima. Kwa Mama Yona nilikuta sufuria la kunyweshea kuku, kuukuu, lina maji ya wiki, na ndani yake viluwiluwi wengi hadi bakuli likawa kama linachemka. Mama Yona alikuwa mtu wa Msalato, mwenye maneno machache na kuku wengi. Alinipokea kwa salamu ya Kigogo, mbukwa, akanipa kiti, akaniambia wale ni wadudu wa maji tu na kuku wanawapenda. Nikamwelekeza kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Mwisho wa mwezi, mbele ya mtaa mzima, nilisimama nikasoma jina lake, nikasoma sufuria, nikasoma hata idadi ya kuku, ambayo hakuna aliyeniuliza. Watu wakacheka. Yeye alinitazama tu, akaikaza khanga yake kiunoni.

Nyumba moja sikuwa nimeikagua, nayo ni ile niliyolala. Kila wiki nilijiambia kesho. Hatimaye, Ijumaa moja saa saba mchana, Bi Mwantumu akiwa jikoni, nilichukua upawa nikaenda kwa Bakari, nikachota, nikamimina. Walikuwepo. Nikaenda kwa Selemani. Walikuwepo, tena wa kila umri. Sikuthubutu kwenda kwa Mzee Juma, maana asubuhi ile nilikuwa nimekunywa kwake. Nimesimama pale na bakuli mkononi, Bi Mwantumu akaniita nije kula kabla pilau haijapoa. Nilimwaga bakuli chini, nikanawa, nikala, nikaongezwa, nikaongezwa tena. Halafu nikafungua daftari, na kwenye mstari wa nyumba yetu nikaandika neno moja: Hakuna. Wino wenyewe ulipata doa la samli.

Nimefanya kazi ya afya maisha yangu yote baada ya hapo, na nimesimamia vijana wengi. Wanapoleta ripoti safi mno kutoka nyumba wanazokula, huwa nazinusa kwanza.

Mvua zilianza mwezi wa kumi na mbili, na Mwalimu Daudi hatimaye akaufungua mwavuli wake kwa haki. Uwanda wote ukawa kijani ndani ya wiki moja, kama unavyofanya, na mbu wakaja. Kabla mwezi wa kwanza haujaisha, Mwalimu aliamka akitetemeka hadi kitanda kikawa kinatembea. Tulimpeleka zahanati, damu ikaonyesha malaria, akapewa klorokwini, akarudi. Mchana wake, saa nane, homa ilimpanda hadi akaanza kuufundisha ukuta. Aliueleza ukuta kuhusu pepo za kusi na kaskazi, akauuliza swali, akaukaripia kwa kutonyoosha mkono. Bi Mwantumu alikuwa akimkanda kwa kitambaa cha maji, na ili kumtuliza akajibu badala ya ukuta. Akakosea. Mwalimu akamwambia akae chini. Tulicheka, kisha tukatazamana, tukaacha kucheka, maana macho yake hayakuwa yanatuona.

Siku mbili zile nilizibeba vibaya. Klorokwini ilimletea mwasho wa mwili mzima, naye alijikuna mgongo kwa rula ya ubao akiomba radhi kwa kila mtu aliyeingia. Mimi nilikuwa nikimletea uji na kushindwa kumtazama. Kila nilipopita uani niliyaona mapipa, na kila nilipoyaona nililiona lile neno langu. Siku ya tatu homa ilishuka, akaomba chai na gazeti. Nilikwenda nyuma ya choo nikalia hadi nikapata kwikwi.

Habari za ugonjwa zilifika kwa Mama Yona, na yeye, ambaye hakuwa na haraka na jambo lolote, alikuwa amesubiri miezi. Alimwendea Bwana Chilewa ofisini, akamwuliza swali moja tu: yule binti anayekagua nyumba za watu, nyumba anayolala yeye anaikagua nani? Kesho yake bwana afya alifika na soksi zake, Mama Yona nyuma yake, na nyuma ya Mama Yona majirani kama wanane waliokuwa, kwa bahati, wanapita. Bi Mwantumu aliwakaribisha wote kwa heshima. Bwana Chilewa aliomba ruhusa, akainama, akachota kwa Bakari, kwa Selemani, kwa Mzee Juma. Bakuli likapitishwa kama sahani ya sadaka. Bi Mwantumu alitazama, akasema wale ni wadudu wa maji tu, wapo tangu enzi za mama yake, na kama wangekuwa mbu yeye angekuwa ameshakufa mara tatu. Mama Yona akaitikia kwamba hata yeye alisema hivyo hivyo kuhusu sufuria lake.

Bwana Chilewa hakubishana. Aliomba chupa ya jemu, akaijaza maji ya Selemani pamoja na wakazi wake, akaifunga mdomo kwa kipande cha chandarua na uzi, akaiweka juu ya meza ya Bi Mwantumu, kando ya redio. Akamwomba asiiguse, aitazame tu. Kisha akanigeukia mimi akaomba daftari. Alitafuta mstari, akausoma, akanirudishia. Afadhali angenipiga.

Siku zilizofuata Bi Mwantumu alikunywa chai yake mbele ya chupa ile. Mwanzoni alikuwa akiidharau, anaizungumzia kama mgeni asiye na adabu. Siku ya pili alisogeza kiti. Alituita mimi na Mwalimu tuone jinsi wale wadudu walivyobadilika wakawa kama alama za mkato. Siku ya nne, saa nne asubuhi, niliisikia sauti yake, sauti ndogo ambayo sikuijua, ikisema niende. Ndani ya chupa, juu ya maji, mbu watatu walikuwa wamesimama kwenye ngozi zao kuukuu, wanakausha mabawa.

"Selemani," akasema. "Hata baada ya talaka."

Kisha akatazama mlango wa chumba cha Mwalimu, uso ukamsawijika, akaniuliza kama ni yeye aliyempikia maradhi yule kijana. Nikamwambia hapana, ni mimi. Nikamweleza kila kitu, bakuli, pilau, neno. Nilitegemea anifukuze. Mchana hakunikaribisha wala hakuninyima. Aliweka chungu mkekani akaenda kula kwake ndani, nasi tukala mafungu mafungu kama mbuzi kwa siku tano, na sijawahi kula chakula kigumu kumeza kama kile.

Hapa niseme jambo ambalo sikuwahi kumwambia. Miaka mingi baadaye, chuoni, nilijifunza kwamba mbu wa malaria hupendelea zaidi madimbwi ya wazi yenye jua, na kwamba wanaojaa kwenye mapipa ya nyumbani mara nyingi ni wa jamii nyingine, wenye maradhi yao wenyewe. Nyuma ya nyumba kulikuwa na mashimo ya kufyatulia tofali, ambako Mwalimu alipenda kwenda jioni kusahihisha madaftari kwa utulivu. Huenda aliyemuuma alitoka huko. Huenda Selemani hakuwa na kosa. Nilirudi mara nyingi kumtembelea Bi Mwantumu, na kila mara nilikuwa na nia ya kumwambia, na kila mara nilimkuta anamweleza mgeni fulani kisa cha chupa kwa fahari kubwa mno. Nikaacha. Sasa amekwenda, Mungu amrehemu, na siri imebaki kwangu.

Kwenye mkutano wa mwezi ule nilisimama na daftari. Nilikuwa nimemwomba Bwana Chilewa aniruhusu nisome mwenyewe, naye akasema hakuwa na mpango mwingine. Nilisoma nyumba zote, kisha nikasema kwamba kwenye nyumba ninayokaa niliandika uongo mwezi wa kumi na moja, mapipa yalikuwa na viluwiluwi na mimi nilijua. Nikasema pia kwamba idadi ya kuku wa Mama Yona haikumhusu mtu. Hakuna aliyecheka. Nilikuwa nimeshafunga mzigo wangu chumbani. Ndipo Bi Mwantumu akainuka, akapangusa gauni, akasema mbele ya watu wote kwamba binti yule ni mpangaji wake, kama kuna wa kumfukuza ni yeye, na yeye hajafanya uamuzi huo kwa sababu bado hajapata mwingine wa kumpikia mlenda. Kisha akamwomba bwana afya amwazime bakuli.

Aliyashonea mapipa mifuniko kwa kitambaa cha chandarua, akaikaza kwa mpira wa baiskeli. Alipomaliza nyumba yake akaanza za wenzake. Mimi nilikuwa nabisha hodi, yeye aliingia kwanza na kuuliza baadaye. Aliwaamrisha wanaume wafukie mashimo ya tofali, wakayafukia. Alimtembelea Mama Yona mara nyingi mno hadi wakawa marafiki, kwa jinsi watu wanavyokuwa marafiki wakichoka kuwa maadui. Mwezi wa tatu Bwana Chilewa alinipendekeza nikasomee kazi ya afya, akisema mtu aliyesoma uongo wake mwenyewe mkutanoni anafaa kuaminiwa na daftari, na kwa mtaa wetu akamwachia Bi Mwantumu orodha.

Mkutano wake wa kwanza ulikuwa wangu wa mwisho. Alivaa miwani. Alisoma nyumba moja baada ya nyingine, safi, safi, safi, mtaa ukijipigia makofi. Kisha akafika kwetu, akasita, akainua daftari karibu na macho. Chumba cha Nyemo, akasoma. Dirishani, kopo la maziwa ya unga, lina maua. Ndani ya maji ya kopo, viluwiluwi kumi na mmoja. Nikaona haya, lakini sikujua bado nitaona kiasi gani, maana hakuwa amemaliza. Akaendelea kusoma kwa sauti ile ile ya kazi kwamba maua hayo ameletewa na Mwalimu Daudi, kila Jumamosi, tangu alipopona.

Mkutano mzima ukamgeukia Mwalimu, ambaye alikuwa ameshika mwavuli wake kama mtu aliyekamatwa nao. Mama Yona, kwa utaratibu wake, akauliza kama Mwalimu ameshafika Zuzu kujitambulisha. Mwalimu akasema bado. Mama Yona akauliza anasubiri nini. Mwalimu akafikiri kwa uaminifu, kama mwanafunzi aliyeulizwa swali zuri, akasema kwamba hajui, na kwamba anaweza kwenda Jumapili.

Alikwenda. Kwa kuwa ndugu zake walikuwa mbali, Bi Mwantumu alisimama kama mzazi wake. Alivaa baibui jipya na kushuka Zuzu kwa treni, na barabara nzima ya kutoka stesheni alimfundisha Mwalimu maneno ya kusema. Baba yangu alikuwa amewasubiri tangu asubuhi, amevaa koti, amepanga viti chini ya ukuta upande wa kivuli, amejiandaa kuwa mkali. Mwalimu alisalimia vizuri. Baba akageuka kumkaribisha yule mama mgeni, akakuta kiti ni kitupu. Bi Mwantumu alikuwa ng'ambo ya ua, ameinamia pipa letu la maji, miwani puani.

"Mama," baba akamwita, "umekuja kuposa au kukagua?"

"Vyote, baba," akasema bila kuinua kichwa. "Lakini kwanza niletee bakuli."